Azazeli: mbuzi, jabali, au mwenye nyika?

Katika Biblia nzima ya Kiebrania, Azazeli ametajwa mara nne tu, na zote ziko katika sura moja: Walawi 16, mstari wa 8, wa 10 mara mbili, na wa 26. Kabla ya hapo hayumo, na baada ya hapo hayumo. Hana nasaba, hana neno alilosema, hana tendo alilotenda. Pamoja na uhaba huo, jina lake lina wateja wengi. Kuna mhubiri anayefundisha Siku ya Upatanisho, sheikh anayeeleza Ibilisi alikuwa nani kabla ya kulaaniwa, mganga anayepanga majina ya kigeni kwenye karatasi ya hirizi, na mfasiri aliyeshika kalamu asijue aliache jina kama lilivyo au alifumbue.

Kila mmoja wao amekwisha kuchagua maana, hata kama hakujua kwamba anachagua. Kwa hiyo nitaziweka maana zenyewe ubavu kwa ubavu, nieleze kila moja inashika wapi na inateleza wapi, halafu niseme ningechukua ipi na kwa kazi gani.

Kwanza tukumbuke kisa. Siku ya kumi ya mwezi wa saba kuhani mkuu analetewa mbuzi waume wawili. Wanasimamishwa mlangoni pa hema, kisha zinapigwa kura: moja ya Bwana, moja ya Azazeli. Aliyeangukiwa na kura ya Bwana anachinjwa, na damu yake inaingizwa ndani ya pazia. Wa pili haguswi na kisu. Haruni anaweka mikono yake miwili juu ya kichwa chake, anaungama maovu yote ya Israeli, kisha mtu aliye tayari anamwongoza mpaka nyikani, nchi isiyo na watu, na kumwacha huko. Swali letu ni hilo neno baada ya "kura ya": ni jina la nini?

Mbuzi aendaye zake

Jibu la kwanza linalikata neno vipande viwili: *ez*, mbuzi, na *azal*, kwenda zake. Azazeli, basi, ni mbuzi mwenyewe, yule wa kuondoka. Wayahudi wa Aleksandria waliotafsiri Torati kwa Kigiriki karne ya 3 kabla ya Kristo walielekea huko. Waliandika neno lenye maana ya "mpeleka mbali". Jerome akafuata kwa Kilatini, naye William Tyndale mwaka 1530 akaunda neno la Kiingereza ambalo mpaka leo linatumika kwa mtu anayebebeshwa lawama za wenzake.

Sisi neno la mtu huyo tunalo: bangusilo. Lakini magazeti yetu hupenda zaidi "mbuzi wa kafara", na hapo kuna kichekesho. Kafara na Kippur, jina la Kiebrania la Siku ya Upatanisho, ni ndugu wa mzizi mmoja, K-P-R. Ukiusoma Walawi kwa makini, mbuzi ambaye damu yake inafanya kafara ndani ya pazia ni yule mwingine, wa kura ya Bwana. Huyu wetu wa lawama hakuchinjwa. Waziri akifukuzwa kazi kwa makosa ya wizara nzima tunasema ametolewa kafara, kumbe amepelekwa nyikani.

Maana hii inaeleweka upesi, na haikulazimishi kuingiza kiumbe chochote kwenye ibada. Udhaifu wake uko katika sarufi. *Ez* akiwa mmoja kwa kawaida ni mbuzi jike, na hawa walikuwa mabeberu. Tena mstari wa 10 unasema mbuzi apelekwe "kwa Azazeli, jangwani". Azazeli akiwa ndiye mbuzi, basi mbuzi anapelekwa kwa mbuzi. Sentensi hiyo hata mtoto wa darasa la tatu angeirudisha kwa mwalimu.

Jabali

Jibu la pili ni la marabi, walimu wa sheria wa Kiyahudi. Talmudi, mkusanyo wa mijadala yao, katika kitabu cha Yoma, inalisoma neno kama *az*, -enye nguvu au -kali, na kulieleza kuwa ni mahali pagumu, mwamba mkali kuliko yote mlimani. Rashi, mfasiri wa karne ya 11 kule Troyes, Ufaransa, akalishika hilo: genge refu lenye ncha.

Uzuri wa maana hii ni kwamba ilikuwa na anwani. Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo ya marabi uliokamilishwa mwanzoni mwa karne ya 3, inatupa safari nzima kama ilivyokumbukwa kabla Hekalu halijabomolewa mwaka 70. Kura zilikuwa za mti, baadaye kuhani mkuu Ben Gamla akazitengeneza za dhahabu. Mbuzi alifungwa uzi mwekundu wa sufu kichwani. Kutoka Yerusalemu mpaka kwenye genge palikuwa na vibanda kumi, na katika kila kibanda msindikizaji aliambiwa: chakula hiki hapa, maji haya hapa. Watu walimvuta mbuzi nywele wakimhimiza achukue mzigo aende. Mwisho wa njia msindikizaji aliukata uzi vipande viwili, kimoja akakifunga mwambani na kingine kati ya pembe, kisha akamsukuma mbuzi kinyumenyume. Hakufika nusu ya mlima kabla viungo havijavunjika. Watafiti wengi wanaulinganisha mlima huo na Jabal Muntar, katika nyika ya Yudea mashariki ya Bethlehemu.

Mtu akisoma hayo anaridhika: jina la mahali, basi. Ila tazama kilichobadilika. Walawi inasema mbuzi aachwe aende zake akiwa hai. Mishna inamvunja mifupa. Jabali linaeleza vizuri desturi ya Hekalu la pili, na yawezekana ni desturi iliyozaa maana, si maana iliyozaa desturi. Mji wenye mbuzi mwenye dhambi zote za taifa mgongoni hautaki kumwona akirudi jioni akitafuta majani.

Tena kuna kura. Moja ni ya Bwana. Nani huandika kwenye kura ya pili jina la mlima?

Mwenye nyika

Jibu la tatu ndilo linalowatia watu baridi. Kiebrania kinatumia kiambishi kilekile, *la-*, mbele ya majina yote mawili: kwa Bwana, kwa Azazeli. Kiambishi ni kimoja, kura ni mbili, basi wapokeaji ni wawili. Azazeli ni mtu wa upande wa pili, kiumbe wa jangwani.

Mzizi wake unaungana na masikio yetu. Herufi za Kiebrania ayin-zayin-zayin, nguvu, ndizo mzizi uliotupa kwa njia ya Kiarabu *azizi* na *enzi*. Na *-eli* ni ileile ya Danieli na Gabrieli. Azaz-eli: mungu mkali, au mwenye nguvu za kiungu. Na si umbo la kubuni, kwa maana 1 Nyakati 15:21 inamtaja Azazia, mmoja wa wapiga vinubi waliolisindikiza sanduku la agano siku za Daudi, na jina lake ni mzizi uleule uliounganishwa na Yah: Bwana ni mwenye nguvu. Tatizo ni kwamba katika Walawi herufi zimepishana: ayin, zayin, alef, zayin, lamed, badala ya ayin, zayin, zayin, alef, lamed. Lakini Gombo la Hekalu, mojawapo ya magombo ya kale yaliyopatikana Qumran kando ya Bahari ya Chumvi, linaliandika kwa mpangilio huo wa pili, na *el* inaonekana waziwazi. Wako wataalamu wanaosema waandishi waliozipanga herufi za Walawi walifanya hivyo kwa makusudi, ili neno la Mungu lisikae mwishoni mwa jina la kiumbe kama huyo.

Kisha kuna Kitabu cha Henoko, ambacho Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia limekihifadhi kizima kwa Kigeez na kukihesabu kuwa Maandiko. Humo Azazeli ana historia kamili. Ni mmoja wa malaika walioshuka kwa binti za watu. Aliwafundisha wanaume kufua panga, visu na ngao, na akawafundisha wanawake bangili, rangi na wanja. Ndiyo, wanja huohuo wa bibi arusi. (Nimewahi kuwasomea akina mama kifungu hicho na nikatazamwa kama aliyekiandika mimi.) Mungu anamtuma Rafaeli amfunge mikono na miguu, amtupe gizani katika shimo la jangwani liitwalo Dudaeli, na kumfunika kwa mawe makali yenye ncha. Jangwa, mawe ya ncha, dhambi zote kuandikwa juu yake: aliyesimulia hivyo alikuwa na Walawi 16 mbele ya macho. Mishna nayo inataja njia ya mbuzi ikipita mahali paitwapo Bet Hadudo, na majina hayo mawili yanafanana kiasi cha kumfanya mtu aache kusoma atazame ramani.

Marabi wakubwa hawakuikimbia maana hii, ingawa waliizungusha. Ibn Ezra, karne ya 12, aliandika fumbo: utakapokuwa na thelathini na tatu utaijua siri. Hesabu mistari 33 kutoka hapo unafika Walawi 17:7, pale Waisraeli wanapokatazwa kuwachinjia tena viumbe wa nyikani, ambao Biblia yetu ya Union imewaita majini. Nachmanides, karne ya 13, akalifumbua fumbo hadharani. Alisema Israeli hawamtolei Azazeli chochote. Ni kama mtu aliyemwandalia mfalme karamu, na mfalme akaamuru fungu lipelekwe kwa mtumishi wake fulani. Mwandaaji hakumpa mtumishi, amemtii mfalme. Ndiyo maana kura ilipigwa: mbuzi wote wawili walikwisha simamishwa mbele za Bwana, na Bwana ndiye aliyegawa.

Iko pia maana ya nne, kwamba neno ni dhahania tu, "kuondolewa kabisa". Ina watetezi wake katika kamusi. Mimi inanipitia kama maji ya mchele: haina kosa kubwa, haina ladha.

Nikiziweka mizani

Kwa mstari wenyewe, mwenye nyika anashinda. Anaeleza kura mbili, anaeleza "kwa Azazeli, jangwani", anaeleza kwa nini neno halikutafsiriwa ndani ya Kiebrania chenyewe. Wahiti wa Anatolia walikuwa na ibada za namna hiyo: wakati wa tauni kondoo dume alifungwa sufu za rangi kwenye pembe na kufukuziwa nchi ya adui, amchukulie mungu aliyekasirika. Mahali na wakati palikuwa pamezoea wazo la mnyama kubeba balaa na kupelekewa mtu.

Ila kushinda kwake kuna sharti, nalo ndilo ninalotaka msomaji alishike kabla hajaenda popote na jina hili. Tazama Azazeli anapata nini katika sura hiyo. Hapati damu. Hapati madhabahu, wala kuhani, wala moshi, wala ombi hata moja. Anapata takataka. Ibada nzima haimwiti. Inampelekea uchafu wa nyumba kama vile sisi tunavyoupeleka jalalani. Watu wa pwani wanaojua kafara ya njia panda wataelewa bila maelezo marefu. Kile kilichowekwa pale kimebeba nuksi ya mtu, na ndiyo maana mtoto hufundishwa asiokote.

Kutoka jalala hadi hirizi

Mafumbo ya baadaye yalifanya kinyume cha hapo: yaliokota.

Zohari, kitabu cha Kabala, yaani elimu ya mafumbo ya Kiyahudi, kilichotokea Hispania mwishoni mwa karne ya 13, kina Aza na Azaeli waliofungwa minyororo katika milima ya giza, na Balaamu akienda kwao kujifunza uchawi. Wakabala waliozingatia mbuzi wenyewe walikuwa na adabu zaidi: mbuzi ni fungu linalopewa upande wa uovu ili ushughulike nalo na kuacha kuwashitaki Israeli siku hiyo. Huko Ulaya, Heinrich Cornelius Agrippa katika kitabu chake cha uchawi kilichochapishwa mwaka 1533 aliwapanga wakuu wanne wa pepo wabaya wa moto, hewa, maji na ardhi, na kiti cha hewa akampa Azazeli. Tangu hapo jina likaingia katika vitabu vya kuita pepo, na kutoka humo limefika kwenye karatasi zinazouzwa leo kwa simu.

Upande wa Waislamu limekuja kwa njia nyingine. Kurani haimtaji Azazili popote, inamtaja Ibilisi. Ni katika tafsiri, kwa mfano ya Tabari aliyefariki mwaka 923, ndimo zinamopokelewa riwaya kwamba Ibilisi kabla ya kuasi aliitwa Azazili na alikuwa miongoni mwa wenye elimu na ibada kubwa. Kwa hiyo Mwislamu wa Unguja na Mkristo wa Musoma wakitamka jina hili hawasemi kitu kimoja. Mmoja anaona mcha Mungu aliyeanguka kwa kiburi. Mwingine anamwona beberu akitokomea vumbini.

Na wenye kupiga abjadi, yaani kuhesabu jina kwa thamani ya herufi zake? Hebu tuhesabu. Kiebrania cha Walawi: ayin 70, zayin 7, alef 1, zayin 7, lamed 30. Jumla 115. Azazili ya Kiarabu inaongeza ya, 10, inakuwa 125. Jina moja, hesabu mbili, na anayekuandikia karatasi hakuambii ametumia ipi. Kisha rudi Qumran: herufi zilizopishana zinabaki kuwa zilezile, jumla 115, wakati maana imehama kutoka mbuzi kwenda kwa mungu mkali. Hesabu isiyoweza kutofautisha mbuzi na mungu, mimi siwezi kuifungia mtoto mkononi.

Uchukue ipi, basi

Kama unafundisha darasa la Biblia, chukua mwenye nyika kwa kueleza mstari, na ulete jabali kwa kueleza Hekalu. Usimruke Nachmanides, mfano wake wa karamu unafahamika kwa yeyote aliyewahi kupika shughuli.

Kama unahubiri, ujue umesimama kwenye mpaka wa makanisa. Waadventista Wasabato hufundisha kwamba Azazeli ni mfano wa Shetani, ambaye mwishoni atabebeshwa wajibu wa dhambi alizozianzisha, na hoja yao kubwa ni kwamba mbuzi huyu hakumwaga damu, hivyo si yeye anayefanya upatanisho. Makanisa mengine mengi huwaona mbuzi wote wawili kuwa Kristo: mmoja anakufa, mmoja anachukua dhambi mbali, kwa kuwa mstari wa 5 unawahesabu wote wawili kuwa sadaka ya dhambi. Waraka wa Barnaba, maandishi ya Kikristo ya zamani, ulikwisha mwona Kristo katika mbuzi wa uzi mwekundu. Hoja ya Wasabato ni imara kwenye damu. Hoja ya wenzao ni imara kwenye mstari wa 5. Ukinishika koo nitasema maandishi yenyewe yanaiunga mkono nusu ya kila moja: mpokeaji si Kristo, lakini mbuzi si mpokeaji. Wengi wa wanaogombana juu ya sura hii wanagombana kwa sababu wamemchanganya mbuzi na mwenye kupelekewa.

Kama unatafsiri kwa lugha ya mama, acha jina lilivyo, kama Union ilivyofanya, na uweke tanbihi. Ukiandika "mbuzi wa kuondoka" umeamua kesi. Ukiandika "Shetani" umeiamua zaidi, maana sura haimtaji. Epuka "mbuzi wa kafara" kwa sababu nilizokwisha kueleza.

Kama ni jina la mtoto, usicheke, sauti ya *-eli* huvutia na watu hufungua Biblia kutafuta jina ambalo jirani hana. Mwite Azareli, Mungu amesaidia, yumo katika 1 Nyakati 12:6. Au mwite Azazia, yule mpiga kinubi: utapata zayin zako mbili na nguvu zako zote, bila jangwa. Azazeli mpeleke Tel Aviv usikie linavyotumika. *Lekh la-azazel*, nenda kwa Azazeli, ndilo tusi la barabarani la Kiebrania cha leo, karibu sawasawa na letu la "potelea mbali". Karne zimepita, na matusi yamehifadhi maana ya Walawi vizuri kuliko vitabu vya uchawi.

Na kama umepewa karatasi yenye jina hili uivae, uilalie au uichome kwenye ubani ili upate cheo, mapenzi au ulinzi, basi rudi mstari wa 26 uusome mwenyewe. Unamhusu mtu aliye tayari, yule aliyetembea na mbuzi. Hakumwita Azazeli, hakumwomba kitu, alimsindikiza beberu tu na kurudi, na bado hakuruhusiwa kuingia kambini mpaka afue nguo zake na kuoga mwili wake kwa maji.